Mrija usio na tarehe

Katika wodi ya upasuaji hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu dawa wala chakula. Huulizwa na mama aliyeketi ukingoni mwa kitanda, macho yake yakiwa kwenye chupa iliyo sakafuni, ile tunayoiita bokali: "Yaya, hii mupira watamutosha siku gani?" Anauliza utatolewa lini. Mpira anaousema ni mrija wa kifua, dreni, uliopitishwa kati ya mbavu za mwanawe ili utoe usaha uliojikusanya pembeni mwa pafu. Kwa miaka mingi ya uuguzi nimejibu, "Tungoje kidogo, mama." Siku hizi jibu hilo linanikwama kooni, na ndiyo sababu ya makala haya.

Waganga wa nchi zenye vifaa vingi wamebishana kwa muda mrefu: mgonjwa mwenye usaha kifuani aanze na mrija, au apelekwe mapema kwenye chumba cha upasuaji? Ubishi huo unatufikia na sisi, kwa makala za kisayansi na kwa madaktari vijana wanaorudi masomoni. Ni ubishi wa maana. Lakini nimeona wagonjwa wakiumia hapa kwetu kwa jambo ambalo ubishi huo haulisemi kwa sauti. Mrija huwekwa, halafu hakuna anayesema ni siku gani tutakubali kwamba umeshindwa.

Nimkumbuke kijana mmoja, mbeba mizigo wa soko la Kadutu, miaka kumi na tisa. Alianza na kichomi na homa. Akanunua vidonge famasi, akachomwa sindano kwa siku kadhaa, halafu mtu fulani akamwanzishia dawa za kifua kikuu bila kipimo chochote. Alifika kwetu wiki ya tano, amekonda, upande mmoja wa kifua hausogei anapovuta pumzi. Mrija ukawekwa, na siku ile ile ukatoka usaha zaidi ya lita moja. Homa ikashuka. Tukafurahi. Kisha usaha ukapungua hadi vijiko vichache kwa siku, homa ikawa inaondoka asubuhi na kurudi jioni, na wiki tatu zikapita hivyo. Kila asubuhi tuliandika "dreni inatoa kidogo, tuendelee." Familia ililipia kila siku ya kitanda. Mpasuaji alipoitwa hatimaye, pafu lilikuwa limeshavikwa ganda nene, akalazimika kufungua kifua chote kulimenya. Kijana alipona. Mizigo habebi tena.

Hospitali yenyewe sitaitaja, maana hadithi hii ingeweza kutokea mahali pengi, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioandika "tuendelee."

Ili kuelewa kwa nini wiki tatu zile zilikuwa na uzito, lazima tuone kinachofanyika ndani. Pafu limefunikwa na utando wa tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo mna maji machache tu ya kulainisha msuguano. Nimonia inapowasha pafu, maji huvuja na kujikusanya hapo katikati. Mwanzoni ni mepesi, hayana wadudu, na mara nyingi antibiotiki pekee hutosha. Wadudu wakishaingia, maji hugeuka usaha, na mwili hutandaza nyuzi za fibrini zinazogawa nafasi ile katika vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Mrija unaoingia chumba kimoja hutoa asali ya chumba kimoja, vingine vinabaki vimejaa. Baadaye nyuzi hukomaa zikawa ganda gumu. Hapo hata usaha ukitoka wote, pafu haliwezi kufunguka, kama mkono uliofungwa plasta. Chama cha Marekani cha magonjwa ya kifua kilizipanga hatua hizi tatu mwaka 1962, na mpango huo bado unatumika. Hatua mbili za kwanza huhesabiwa kwa siku, ya tatu kwa wiki.

Kwa hiyo swali "mrija au kisu?" halina jibu mpaka tujue mgonjwa yuko hatua gani. Katika hatua ya kwanza kisu ni kumwonea mtu. Katika hatua ya tatu mrija ni kumpotezea muda. Ubishi wa kweli uko hatua ya katikati, na huko ndiko wagonjwa wetu wengi walipo siku wanayofika, au walipokuwa wiki moja kabla.

Kuna somo la zamani ambalo ningependa kila anayeweka mrija alijue. Mwaka 1918, wakati wa vita na mafua makubwa, kambi za jeshi la Marekani zilijaa askari vijana wenye usaha kifuani. Desturi ya wapasuaji ilikuwa kufungua kifua mara moja na kukiacha wazi kitoe. Takriban 30 kati ya kila 100 walikufa. Tume iliundwa, na ndani yake alikuwemo mpasuaji kijana Evarts Graham. Yeye na wenzake waligundua kwamba katika siku za mwanzo, kabla pafu halijashikamana na ukuta wa kifua, tundu lililo wazi huingiza hewa, pafu huporomoka na mgonjwa hukosa pumzi. Wakashauri usaha utolewe kwanza kwa njia iliyofungwa, bila kuruhusu hewa kuingia, na kifua kifunguliwe baadaye, usaha ukishakuwa mzito na pafu likishashikamana. Pamoja na hayo, mgonjwa alishwe vizuri. Vifo vikashuka hadi chini ya 5 kwa 100. Antibiotiki ilikuwa bado haijapatikana. Kisu kilikuwa kile kile na mikono ile ile. Walichobadilisha ni siku ya kukitumia na subira kabla yake.

Chupa tunayotumia leo ni ya zamani zaidi. Gotthard Bülau, mganga wa Hamburg, ndiye aliyeieneza katika karne ya 19: ncha ya mrija huzamishwa ndani ya maji ili hewa itoke bila kurudi. Kila ninapoiweka bokali chini ya kitanda, ncha ikiwa imezama sentimita mbili, nafanya kazi ambayo Bülau angeitambua akiingia mlangoni.

Sasa tuje kwenye tafiti za siku zetu. Mwaka 1997, huko Marekani, wagonjwa 20 waligawanywa kwa kura: wengine mrija pamoja na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha nyuzi, wengine upasuaji wa kamera unaopitia matundu madogo. Upasuaji ulifaulu kwa 10 kati ya 11, mrija kwa 4 kati ya 9. Matokeo hayo yamenukuliwa mno, na waliotaka kisu mapema waliyashika kama bendera. Lakini watu 20 ni familia mbili za Kadutu zikikutana arusini. Huwezi kujenga sheria ya dunia juu yao.

Baadaye tafiti za watoto zilikuja na jibu tofauti. Moja iliyochapishwa mwaka 2006 huko London, kwa watoto 60, ililinganisha upasuaji wa kamera na mrija wenye dawa ya kuyeyusha nyuzi: siku za hospitalini zilikuwa sawa, upasuaji ukagharimu zaidi. Nyingine ya Marekani mwaka 2009, kwa watoto 36, ilifika pale pale. Kwa watoto, basi, mrija wenye msaada wa dawa unashindana na kisu bila aibu.

Kwa watu wazima hadithi ya dawa hizo ilipinda mara mbili. Mwaka 2005 Waingereza walichapisha utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 400. Streptokinasi peke yake haikupunguza vifo wala haja ya kupasua. Mwaka 2011, kwa wagonjwa 210, walijaribu dawa mbili kwa pamoja: moja inakata nyuzi, nyingine inapunguza uzito wa usaha. Waliopelekwa kupasuliwa walishuka kutoka 16 hadi 4 kwa 100. Ni matokeo mazuri sana, ila dawa hizo ni ghali, na katika wodi nilizofanyia kazi sijawahi kuzishika mkononi.

Kisha mwaka 2017 mapitio ya Cochrane, mtandao wa wachambuzi wa tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yote ya kura yaliyofaa: 8, yenye washiriki 391, na 6 kati ya hayo yalikuwa ya watoto. Hitimisho: vifo havikutofautiana kati ya wanaopasuliwa na wanaowekewa mrija, ila upasuaji wa kamera ulipunguza siku za kulala hospitalini. Jaribio jipya la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2023 likiwa na wagonjwa 60, lilikuwa la kuona tu kama utafiti mkubwa unawezekana.

Wasomaji wengi wa tafiti hizi husema: vifo ni sawa, kwa hiyo tofauti ya siku ni jambo dogo. Mimi siafiki, na hapa ndipo ninapoyasoma matokeo yale kwa macho ya Bukavu. Kule London siku ya ziada kitandani hulipwa na serikali. Hapa hulipwa na mama aliyefunga meza yake ya samaki wa sambaza ili amlinde mgonjwa, maana hospitali zetu haziendi bila mlinzi wa mgonjwa anayefua, anayepika na anayemwaga bokali. Kila siku analipia kitanda na kila siku hauzi. Watoto wengine wako nyumbani na jirani. Tunajua pia kwamba mgonjwa aliyepona anaweza kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Kwa mama huyo, kila siku inayopungua ni mtaji wa biashara ulionusurika. Hoja ya kupasua mapema ina nguvu zaidi huku kuliko ilikotungwa, na huku ndiko upasuaji wenyewe ulipo mbali zaidi.

Lipo na jambo jingine la kuangaliwa. Tafiti nyingi zisizo za kura huonyesha waliopasuliwa wakifa kidogo kuliko waliowekewa mrija tu. Tusidanganyike. Anayepelekwa kwenye chumba cha upasuaji ni yule mwenye nguvu za kuhimili usingizi wa dawa: kijana zaidi, moyo mzima, figo nzima. Mzee mdhaifu hubaki na mrija wake na kuhesabiwa upande wa mrija anapofariki. Kwetu tunaongeza kichujio cha pili: anayefika kwenye kisu ni yule ambaye familia yake imepata dola.

Basi nasimama wapi? Nasimama na mrija kwanza, kwa karibu kila mgonjwa, lakini mrija ulioandikiwa tarehe. Siku ile ile unapowekwa, iandikwe siku ambayo daktari na mpasuaji watakaa pamoja kuamua: siku ya tano, isizidi ya saba. Siku hiyo wapime kwa macho yasiyo na huruma. Homa imeondoka kweli? Ekografi (ultrasound) inaonyesha vyumba vilivyobaki na usaha? Pafu limefunguka kwenye picha ya eksirei? Kama majibu ni mabaya, mgonjwa ahamie njia nyingine siku hiyo hiyo. Miongozo ya Ulaya na Uingereza husema jambo linalofanana na hili. Tofauti ni kwamba kule wiki ikipita bila uamuzi mtu huulizwa. Kwetu huwa hakuna anayeuliza isipokuwa yule mama.

Mrija wenyewe pia lazima ufanye kazi yake yote kabla hatujasema umeshindwa. Ninaposikia "dreni haitoi tena," jambo la kwanza ninalofanya ni kupiga magoti niangalie. Mara nyingi mrija umepinda chini ya mgongo wa mgonjwa, au umezibwa na vipande vya fibrini, au mlinzi ameinua bokali juu ya kiti ili afagie na kuisahau pale, au maji kwenye bokali hayapandi na kushuka mgonjwa anapovuta pumzi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wapo wagonjwa waliohesabiwa kuwa mrija umewashinda kumbe mrija ulikuwa umelaliwa. Kuusafisha kwa serumu ya chumvi mara kadhaa kwa siku ni kazi ya muuguzi, na haihitaji ruhusa ya Kinshasa.

Serumu hiyo hiyo inaweza kufanya zaidi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mdogo wa wagonjwa 35 huko Uingereza: wengine waliingiziwa kifuani mililita 250 za serumu ya chumvi kupitia mrija, mara tatu kwa siku kwa siku tatu, wengine wakapewa huduma ya kawaida. Waliosafishwa walipungukiwa na usaha zaidi, na wachache zaidi wakapelekwa kupasuliwa. Najua 35 ni wachache, nami nimetoka tu kuwalaumu wale 20. Lakini tofauti ya uzito ni kubwa. Nikikosea kuhusu serumu, nimepoteza chupa chache za maji ya chumvi. Nikikosea kuhusu kisu, nimemfungua mtu kifua. Serumu iko katika kila hospitali ya rufaa ya Kivu, kwa hiyo sioni sababu ya kuendelea kumtazama mgonjwa mwenye usaha mzito tukisubiri utiririke wenyewe. Wa kuachwa ni yule mwenye tundu kati ya pafu na utando, ambaye akimwagiwa maji atakohoa yaingie upande wa pili. Bokali inayotoa mapovu bila kukoma ndiyo inayomtambulisha.

Ujuzi wa kuweka mrija tunao. Inauma kulisema, lakini vita vimetufundisha. Hospitali ya CBCA Ndosho kule Goma, na za hapa Bukavu, zimepokea majeruhi wengi wa risasi za kifua, na damu iliyobaki kifuani bila kutolewa yote ni njia mojawapo ya kupata usaha huu huu. Wauguzi wetu wanaweza kuandaa mrija usiku, kwa taa ya simu, mikono isitetemeke. Kinachokosekana ni siku zinazofuata, majeruhi wapya wanapoingia na mgonjwa wa usaha, ambaye hafi leo, anasukumwa hadi mwisho wa orodha.

Kuchelewa nako huanzia mbali na wodi. Kongo imo katika nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hiyo kila maji kifuani huhisiwa kuwa kifua kikuu. Mara nyingi ni kweli, na mgonjwa huyo kwa kawaida hahitaji mrija kabisa, anahitaji vidonge. Lakini sindano moja kifuani inatofautisha mengi: maji ya rangi ya majani makavu si sawa na usaha unaonuka. Kama ni usaha, mrija uwekwe siku hiyo, awe na kifua kikuu au asiwe nacho. GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, ikitoka bila kuona kitu kwenye maji ya kifua, kifua kikuu hakijaondolewa mashakani, lakini usaha uliouona kwa macho hauhitaji mashine. Vituo vya afya vya Walungu na Kabare vina sindano na bomba. Kuvuta mililita chache kabla ya kumwandikia mtu dawa za miezi sita si anasa.

Kuhusu upasuaji wenyewe, nadhani tunaukosea kwa kuufananisha na kamera tu. Kamera ikikosekana, tunasema upasuaji haupo. Upo. Kufungua kifua na kumenya ganda ni kazi ngumu, yenye kupoteza damu, inayotaka oksijeni ya uhakika na mtaalamu wa usingizi asiyeondoka kando ya mgonjwa. Lakini ni kazi ya mikono, na wapasuaji wa jumla wameifanya kwa vizazi. Kwa mgonjwa aliyechoka asiyeweza kuhimili hayo, kuna dirisha: kipande cha ubavu mmoja au miwili hukatwa, usaha ukapata mlango wa kudumu, na kidonda hufungwa bandeji kila siku hadi kikauke. Leo Eloesser alieleza namna yake mwaka 1935, akiwafikiria wagonjwa wa kifua kikuu. Si kazi ya kupendeza machoni, na familia hushtuka, lakini nimeona watu wakitembea nayo hadi shambani.

Hofu ya kisu isidharauliwe. Guillaume Dupuytren, mpasuaji mashuhuri kuliko wote Paris wa wakati wake, aliugua usaha huu huu na alikufa mwaka 1835 baada ya kukataa kupasuliwa. Kama yeye aliogopa, baba kutoka Kaziba ana haki ya kuogopa. Ila aogope akiwa amepewa maelezo, tena mapema, kabla pesa zote hazijaishia kwenye kitanda. Tukimwambia siku ya kwanza kwamba kuna siku ya uamuzi, ana muda wa kuita ukoo. Tukimwambia wiki ya tano, tumemletea deni na kisu kwa pamoja.

Ndiyo maana bei nayo ni sehemu ya tiba. Pale hospitali inapotoza kila tendo peke yake, familia huchagua lililo rahisi leo, yaani siku moja zaidi ya mrija, mara ishirini. Tunajua mfumo wa bei ya jumla, forfe; hospitali kadhaa za mkoa zimeujaribu kwa magonjwa mengine. Ugonjwa wa usaha kifuani unaufaa sana: bei moja tangu mrija hadi kuruhusiwa, kisu kikiwa ndani yake. Hapo hakuna atakayeogopa kusema "mrija umeshindwa" kwa kuhofia mfuko wa mgonjwa. Na tusitegemee kumrusha mgonjwa Kinshasa. Tangu mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia Goma na kisha Bukavu, ndege za abiria za Goma na za Kavumu, uwanja wa Bukavu, zilisimama na benki zikafungwa. Wenye uwezo huvuka mto Ruzizi kwenda Rwanda. Waliobaki ni wetu, na wanahitaji angalau timu moja mjini, katika hospitali ya rufaa ya mkoa au Panzi, inayojulikana na vituo vyote kuwa ndiyo inayopokea vifua vilivyoshindikana.

Siku hizi ninapopokea mgonjwa mwenye mrija, nabandika kipande cha plasta kwenye bokali, naandika tarehe ya kuuweka na chini yake tarehe ya uamuzi. Daktari wa zamu mwanzoni aliniuliza ni nani aliyeamuru. Sasa yeye ndiye anayeomba kalamu. Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Bagira aliniuliza swali lile lile la siku zote. Nikamwonyesha plasta: "Siku ya Tano, mama. Watapita na ekografi, watakuambia mupira unatoka ama mtoto anapasuliwa." Akatoa karatasi ya malipo mfukoni, akaigeuza nyuma, akaniomba nimwandikie hapo.